Kidole Gumba cha Agnesi

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi vijana wa karakana mmeniletea daftari jipya mkaniomba niandike historia ya kazi. Historia siijui. Cheo changu kilikuwa kile kile mwanzo hadi mwisho, na mshahara wenyewe mnaujua, kwa hiyo hayo mawili tuyaruke. Nitaandika habari za karatasi, na za ile mashine ya lamineshi iliyokaa sebuleni kwangu miaka mingi kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumpokea.

Nilianza kazi nikiwa binti anayejua kitu kimoja tu, kupiga pasi. Nilikuwa nanyoosha vitambaa vya altare hapa Ifakara, na Sista Bonifasia, aliyesimamia karakana ya karatasi, akaona vitambaa vyangu havina mkunjo. Akaniita pembeni. "Binti, unaweza kunyoosha karatasi?" Nikasema naweza. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akinyoosha karatasi maishani mwangu, lakini enzi zile ukiulizwa na sista kama unaweza, jibu lilikuwa moja.

Karatasi yenyewe mnaifahamu. Majani ya mpunga yanalowekwa, yanachemshwa na majivu, yanatwangwa mpaka yanakuwa rojo. Rojo linamwagwa kwenye pipa la maji, mtu anachota kwa fremu ya wavu, anaigeuza juu ya kitambaa, anakandamiza, anainua fremu, karatasi inabaki pale imelala kama mtoto. Siku ya kwanza nilipewa karatasi hamsini zilizokauka zikiwa na mawimbi, nizinyooshe kwa pasi ya mkaa. Niliunguza saba. Sista hakunigombeza. Saa ya chakula aliweka moja ya zile saba juu ya sahani yangu ya wali akasema, "Chapati yako hiyo, Theodora, umeipika mwenyewe." Karakana nzima ilicheka, nami nikacheka. Nililia nilipofika nyumbani. Tangu siku ile nikajua kwamba kitambaa kinavumilia pasi lakini karatasi haivumilii, na kwamba lazima uweke khanga kuukuu katikati.

Mashine ya lamineshi ililetwa na masika. Bonde letu mnalijua, mvua zikianza hata chumvi inatoa machozi ndani ya kopo. Kadi zetu za kipaimara na za ndoa zilikuwa nzuri siku ya kuuzwa, baada ya mwezi zinaota ukungu wa kijani. Watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Sista akatafuta ile mashine, yenye rola mbili zinazopata moto na kubana karatasi katikati ya plastiki. Tatizo ni kwamba karakana ilikuwa mapipa na mvuke kila upande. Ukilamineti mle ndani unafunga maji pamoja na karatasi, na ukungu unaota vizuri zaidi kwa sababu umewekewa kioo. Ilibidi itafutwe nyumba kavu. Yangu ilikuwa na sakafu ya saruji na dari, tena nilikuwa nimeolewa karibuni na sebule ilikuwa haina vitu. Mashine ikaja kwangu kwa baiskeli. Mume wangu Damiani aliitazama pale mezani akauliza, "Huyu ataondoka lini?" Ndiyo kwanza ameondoka, mwezi uliopita.

Aliyenifundisha kuitumia ni Mzee Gaudensi, Mungu amrehemu. Alikuwa amestaafu kiwanda cha sukari upande wa Kidatu, ambako maisha yake yote aliweka grisi kwenye rola za kukamulia miwa, rola ndefu kupita mtu. Alipoiona mashine yangu alicheka hadi akakohoa. "Hiki ni kitoto," alisema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Rola ni rola. Haina huruma wala haina chuki. Ukiipa muwa inabana, ukiipa karatasi inabana, ukiipa kidole inabana. Kufikiri ni kazi yako wewe."

Nilidhani ananionya nisiumie.

Alinifundisha pia kupima unyevu kwa mdomo. Vidole vya mtu wa karakana vimezoea maji, havijui tena baridi ni nini. Mdomo wa juu haudanganyiki. Gusa karatasi pale, ikiwa na ubaridi, irudishe kwenye kichanja juu ya jiko, hata kama mwenye kadi amesimama mlangoni anatazama saa. Nilipita mitaani nikijulikana kama yule mama anayebusu karatasi. Haikunisumbua. Damiani ndiye aliyesumbuka kidogo.

Mengine niliyajua kwa kukosea. Karatasi ya mpunga ni nene na ina matundu, kwa hiyo ipake kwanza uji mwepesi wa muhogo, iache ikauke, inyooshe, ndipo uiingize mashineni. Petali za maua yoyote mekundu zinageuka rangi ya chai kwenye moto, msimwahidi bibi harusi waridi. Plastiki iache ukingo wa unene wa kidole pande zote, ukikata karibu na karatasi maji yanaingia ubavuni. Na umeme ukikatika karatasi ikiwa katikati ya rola, usivute. Mimi nilivuta.

Halafu kuna malengelenge. Hewa ikibaki chini ya plastiki inavimba kilengelenge kidogo cheupe. Mwaka wangu wa pili nililamineti kadi za harusi za mwalimu mmoja wa Kiberege, kwa haraka, zikiwa bado na ubaridi, nikijisemea wataelewa. Shangazi wa bibi harusi alizitandaza mezani kwangu moja moja, akanitazama usoni, akauliza, "Mama, hizi kadi zimepata tetekuwanga?" Nilirudia kadi zote. Nikajiapiza kwamba hakuna lengelenge litakalotoka tena nyumbani kwangu. Nikiliona, napitisha karatasi mara ya pili, moto juu kidogo, na likikaidi napitisha mara ya tatu. Kiapo hicho nilikishika kwa miaka mingi, na nilijivuna nacho. Sista alikuwa akileta wageni sebuleni kwangu waone kazi isiyo na doa, nami nilisimama pembeni nikijifanya sisikii.

Sasa nifike kwa Agnesi.

Agnesi alikuja karakana akiwa na miaka kama ishirini na miwili, mtoto wa kijiji cha Mkula, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Aliwekwa kwenye kuchota. Alichota haraka na vizuri kuliko wote, isipokuwa jambo moja. Alipogeuza karatasi kwenye kitambaa, kabla ya kuinua fremu, alibana pembe ya chini upande wa kulia kwa kidole gumba. Karatasi ikikauka inabaki na kishimo pale, chenye umbo la kidole kamili, hata mistari unaiona. Karatasi ya hivyo haikuuzika. Tuliirudisha kwenye pipa ikawa rojo tena.

Mimi ndiye niliyekuwa nakagua. Kila siku nilimwandama juu ya kidole hicho.

"Agnesi! Kidole!"

"Samahani, Dada Theo. Kinaenda chenyewe."

"Kinaendaje chenyewe? Kina miguu?"

"Dada, mimi nimekua nikipandikiza mpunga. Mche bila gumba hausimami. Sasa mkono ukiona maji tu, unafikiri uko jarubani."

Nilimwambia karakana si jaruba. Alicheka akasema ile ni saini yake, siku moja nitaitafuta. Nilimnunia siku mbili. Nawaeleza hivi ili mjue sikuwa mwalimu mwema kwake, nilikuwa mwalimu mkali, na nilidhani ni kitu kimoja. Polepole alijirekebisha. Ilipofika mwaka wa tatu alama zilikuwa chache, nikamsifu mbele ya wenzake.

Alikufa mwaka huo huo, kwa homa ya siku tano. Jumatatu alichota nasi, Jumamosi tulikuwa Mkula tunamzika. Sijui kuandika habari za siku ile. Nakumbuka wanawake wa kijiji walikuwa na matope miguuni kwa sababu msiba ulikuta msimu wa kupandikiza, na hakuna aliyepata muda wa kunawa vizuri.

Baada ya arobaini mama yake alikuja Ifakara. Alifikia kwangu moja kwa moja, mwanamke mfupi wa viganja vigumu, amebeba kichwani mchele uliofungwa kwenye kitambaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akaketi kwenye mkeka akakataa kiti.

"Mwanangu," alisema, "nimekuja kuomba. Agnesi hakuacha picha. Ile moja ya kipaimara imeliwa na mchwa. Nikasema, alikuwa anatengeneza karatasi, haikosi iko moja ya mkono wake."

Mnaona ombi lenyewe. Karatasi zake zote nzuri zilikwisha kuuzwa, na hakuna anayejua nani alichota ipi, maana karatasi nzuri hazina mwenyewe. Zile zenye alama ndizo zilizomtambulisha, na zile nilikuwa nimezirudisha kwenye pipa mimi, kwa mikono yangu. Nilimwambia mama asubiri. Nilipekua sebule, kabati, chini ya kitanda. Nikaikuta moja chini ya pasi. Nilikuwa naitumia kama kitako cha kuwekea pasi ya moto, imepata rangi ya kahawia katikati, lakini pembe ya chini kulia ilikuwa salama. Kidole gumba kilikuwa pale, kirefu kidogo, kimelala upande kama alivyokuwa akikiweka.

Nilimpa mama. Aliweka gumba lake ndani ya kile kishimo akafumba macho. Alipofumbua akasema, "Ndiye."

Kisha akanirudishia. "Nyumba yangu inavuja, mwanangu, na panya ndio wenye nyumba. Nifungie kwenye ile nailoni yako isioze. Agnesi alisema wewe ukifunga kitu kimefungwa."

Niliona fahari. Nasema ukweli, katika huzuni yote ile niliona fahari. Nikasema ajaribu kupumzika, kesho itakuwa tayari. Niliifanyia karatasi ile kila kitu nilichokijua. Niliikausha kwenye kichanja, nikaigusisha mdomo mara nne. Sikuipiga pasi, hiyo akili nilikuwa nayo. Niliipaka uji kwa brashi laini. Nilisubiri umeme utulie. Asubuhi, mama akiwa uani anaosha vyombo ingawa nilimkataza, niliiingiza mashineni.

Ilitoka safi, plastiki imeshika pande zote. Isipokuwa pembe ya chini kulia kulikuwa na lengelenge.

Sikufikiri. Hapo ndipo ninapotaka msome polepole. Miaka yote ile mkono wangu ulikuwa umefundishwa kwamba lengelenge ni aibu, na mkono ulipoliona ulifanya kazi yake. Nikapandisha moto, nikapitisha mara ya pili. Likapungua. Nikapitisha mara ya tatu. Likaisha. Niliinua karatasi dirishani kukagua uso wake, ikawa laini kama sahani, na ndipo nilipoelewa kwamba hewa ile ilikuwa imekaa ndani ya kidole cha Agnesi. Nilikuwa nimekibana mpaka kikaisha.

Nilifikiria kukimbia kwa Mzee Gaudensi, na nilikimbia kweli, nikampita mama uani bila kumwambia niendako. Mzee aliigeuza karatasi, akaipapasa, akatikisa kichwa. "Gundi imeshaingia kwenye nyuzi. Ukiibandua unaibandua karatasi yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu." Nikamwomba anisaidie kumweleza mama. Akakataa. "Ulipandisha moto wewe. Nenda."

Mama alikuwa amekwisha kuvaa, amefunga kitenge chake cha safari. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Alitabasamu kwa jinsi ilivyong'aa. Halafu gumba lake likaenda pembeni, likapapasa. Likarudi. Likapapasa upande mwingine, kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Akageuza karatasi, akajaribu nyuma.

"Kidole chake kiko wapi?"

Nilimweleza. Nilieleza habari za rola, za hewa, za mara ya pili na ya tatu, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia nikiutaja ufundi wangu wote, nao hauna maana yoyote. Nilipiga magoti. Alininyanyua, maana mkono wake ulikuwa na nguvu, akasogea mlangoni kwenye jua akaiinua karatasi mbele ya macho. Nilisimama nyuma yake nikaona naye. Pale pembeni, ambapo kidole kilisukuma rojo likawa jembamba, mwanga ulipita zaidi. Doa jeupe la umbo la gumba.

"Namwona," alisema.

Nikashusha pumzi. Nilitaka sana yaishie hapo.

"Lakini mimi nilitaka kumshika."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza bei ya kitu. Akaacha mchele wake mezani, kwa sababu hakuja nyumbani kwa mtu mikono mitupu na hangeondoka nao, akaenda kupanda basi. Mchele ule nilishindwa kuupika. Damiani aliupika siku moja nikiwa kanisani, akanilazimisha nile, akisema chakula cha mtu hakiadhibiwi.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu. Wengi mmenikuta nikiuliza kila mteja, kabla ya kuwasha mashine, "Unataka kuiona, au unataka kuishika?" Mlidhani ni uzee. Anayetaka kuishika simpitishii rolani. Namtengenezea mfuko wa plastiki, nabana kingo tu kwa ncha ya pasi juu ya khanga, katikati naacha hewa. Si imara sana, na malengelenge yanajaa tele. Sista Bonifasia hakuupenda mfuko huo hata kidogo, alisema unafanana na mfuko wa karanga. Tuligombana, akaona sibadiliki, akaniacha.

Ulipita kama mwaka. Kiangazi, mavuno yamekwisha, Mama Agnesi akatokea tena. Safari hii hakuja kwangu, nilimkuta karakana amesimama karibu na mapipa, amekunja kitenge.

"Nataka nione alipokuwa anasimama," alisema.

Nikamwonyesha pipa. Akaomba kujaribu. Nikampa fremu, nikamweleza jinsi ya kuizamisha wima, kuilaza ndani ya maji, kuinua taratibu. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili, mikono ile ilikuwa na uzoefu wa maji kuliko yangu. Akachota karatasi nene kidogo, akaigeuza juu ya kitambaa, akakandamiza. Kisha, kabla ya kuinua fremu, gumba lake la kulia likabana pembe ya chini.

Nilifungua mdomo niseme "Mama, kidole." Neno lilikwisha kufika kwenye meno. Nikalimeza.

Alipoinua fremu aliona alama, akashtuka. "Nimeiharibu?"

"Hapana, mama. Nani alikufundisha kubana hapo?"

"Nifundishwe na nani? Ndivyo mche unavyowekwa." Akaiangalia karatasi mbichi muda mrefu, na sauti yake ikabadilika. "Agnesi nilimfundisha mimi. Alikuwa darasa la tatu. Nilimshika gumba hivi, nikamsukumia kwenye tope."

Tulilia pale pale kwenye mapipa, sisi wawili, na wachotaji wakaenda kunywa chai mapema kwa adabu. Karatasi ilikauka kivulini siku tatu, naye akalala kwangu siku hizo. Siku ya nne nilimletea ikiwa kwenye kitambaa. Aliweka gumba lake ndani, likakaa sawasawa, bila shaka. Halafu akanishika mkono wangu wa kulia akaweka gumba langu. Mimi sikupandikiza mpunga hata siku moja, ni mtoto wa mjini, lakini lilienea.

"Hii baki nayo," akasema.

"Mama, ni yako."

"Mimi ninacho kidole chenyewe. Ile ya nailoni namwona kila asubuhi, nimeitundika dirishani. Hii ni ya kushika. Usiifunge."

Mama Agnesi tulimzika mwaka jana, Mkula, karibu na binti yake. Karatasi iko kwangu, kwenye meza ile ile ilipokuwa mashine. Masika kadhaa tayari yameipitia. Ukingo wa juu umeota madoa ya ukungu, na panya ameionja upande mmoja. Mwenzenu mmoja alipokuja kuchukua mashine aliiona akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Mama Theo, tuilamineti hii kabla haijaisha." Nilimjibu vibaya, naomba anisamehe.

Mkija kunisalimia, naweni mikono, mkaushe kabisa, kisha kila mmoja aweke kidole gumba pale pembeni. Msiogope kuichakaza.